Kijiji Sawa, Je Mji Mzima?

Kila nikitaja neno uanakisti mbele ya watu, swali la kwanza huwa ni lile lile. Haya bwana, tuseme kijijini mnaweza kukaa chini ya mwembe mkaelewana. Lakini mji wa watu milioni 5 je? Nani atawasha umeme? Nani atazoa taka? Mwizi atakamatwa na nani? Anayeuliza huwa ameshafunga mjadala kichwani mwake, anangoja tu nikwame aagize soda nyingine.

Basi leo sikwami. Swali lenyewe ni zuri, na ni haki lijibiwe bila ujanja.

Kwanza neno. Sisi waandishi wa habari tuna dhambi kubwa hapa. Nchi ikiingia vitani, maduka yakaporwa, watu wakakatana mapanga, tunaandika kwamba kuna "anakia". Wakati ukitazama vizuri, mara nyingi pale kuna watawala watatu au wanne wanaogombea kiti kimoja. Shida ya mahali hapo ni watawala kuwa wengi mno! Asili ya neno ni Kigiriki na maana yake ni bila mtawala, basi. Hakuna mahali linaposema bila utaratibu, bila mipango au bila mtu wa kufunga bomba linalovuja.

Halafu tutenganishe vitu viwili ambavyo shuleni tulifundishwa kuviona kimoja. Kuna kuongoza kazi na kuna kutawala watu. Mikhail Bakunin, Mrusi wa karne ya 19 ambaye waanakisti wengi humhesabu kama babu yao, alieleza kwamba kwenye mambo ya viatu yeye humsikiliza fundi viatu. Lakini fundi yule hana haki ya kumwamuru avae nini, aende wapi na amchague nani. Daktari akiongoza chumba cha upasuaji sina ugomvi naye. Ugomvi unaanza pale ambapo kwa sababu yeye ni daktari mkuu, nesi anaogopa kumwambia kwamba dozi aliyoandika sio.

Angalia msiba wa uswahilini. Mtu kafariki saa kumi alfajiri. Ikifika saa tatu asubuhi turubai limeshafungwa, viti vimekodiwa, daftari la michango limefunguliwa, kina mama wako kwenye masufuria na vijana wamekwenda makaburini na majembe. Watu mia tatu watakula na kunywa chai siku tatu. Nani katoa amri? Kuna mwenyekiti wa kamati, ndiyo. Ila hawezi kumfukuza mtu kazi, hawezi kumweka mtu ndani, na arobaini ikipita cheo chake kimekwisha. Ukimkuta barabarani mwezi wa pili ni Baba Fulani tu kama zamani. Mimi kiongozi wa namna hiyo namtaka hata awe na watu elfu chini yake.

"Msiba ni watu mia tatu," utasema. Sawa. Twende kwenye mji wenyewe.

Asubuhi ya tarehe 19 Julai 1936 wanajeshi walioasi walitoka kambini ili kuuteka mji wa Barcelona, Hispania. Ulikuwa mji wa watu wapatao milioni moja, wenye viwanda, bandari, mitambo ya gesi na umeme. Wafanyakazi, wengi wao wanachama wa CNT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililofuata uanakisti, waliwazuia mitaani pamoja na polisi waliobaki upande wa serikali, na ndani ya siku mbili waasi walikuwa wameshindwa mjini humo. Mambo yalipotulia, wenye viwanda wengi walikuwa wamekimbia. Serikali ya jimbo ilikuwepo, lakini bunduki na funguo za karakana zilikuwa mikononi mwa wafanyakazi.

Sasa ukichukua mawazo ya yule anayeniuliza swali, mji ungepaswa kufa palepale. Hakuna mkurugenzi, hakuna meneja, hakuna wa kusaini. Lakini tazama tramu. Gaston Leval, mwanakisti Mfaransa aliyekuwa Hispania na kuandika kwa kirefu juu ya mambo haya, anaeleza kwamba wafanyakazi wa tramu walikuwa 7,000 hivi, na 6,500 kati yao walikuwa CNT. Barabara zilikuwa na vizuizi, nyaya zimekatika. Siku 5 baada ya mapigano kwisha, magari 700 yalikuwa yanatembea, yamepakwa nyekundu na nyeusi. Kabla ya hapo kawaida yalikuwa 600.

Mia zaidi ya yale ya bosi!

Walifanyaje? Hakuna uchawi. Kila idara, kama madereva, watengeneza njia au karakana, ilikutana na kuchagua wajumbe. Kwenye idara palikuwa na mhandisi aliyekubaliwa na chama na mwakilishi wa wafanyakazi, wanafanya kazi pamoja. Wajumbe wa idara walikutana kupanga mambo ya mtandao mzima. Jambo zito lilirudi kwenye mkutano wa wote. Mjumbe alikwenda na maneno ya waliomtuma, na akipotoka walimrudisha nyumbani wakatuma mwingine. Hebu linganisha na mbunge wako, ambaye ukishampa kura mwezi wa kumi unakuja kumwona tena baada ya miaka mitano, kama hakupita na gari lenye vioo vyeusi.

Maji, gesi, umeme, viwanda vya nguo, hata vinyozi na kumbi za sinema, vingi vilikwenda kwa mtindo huo. Kule mashambani, hasa jimbo la Aragon, mamia ya vijiji viliunganisha ardhi na kuunda shirikisho. Na hili ndilo jibu la waanakisti kwa swali la ukubwa: shirikisho. Kikundi kidogo kinaamua ya kwake, vikundi vinatuma wajumbe kwa yale yanayowahusu wote, na wajumbe hao wanatuma wengine kwa ya eneo kubwa zaidi. Unaweza kufika mbali sana kwa njia hiyo bila mtu yeyote kuwa "juu".

Kama unaona hiyo ni ndoto, kumbuka barua. Kwa sababu ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, unaweza kuweka barua kwenye sanduku Mwanza ikafika Helsinki, ikipitia nchi ambazo hazina rais mmoja wala waziri mmoja wa posta. Najua, wanachama wa umoja huo ni serikali, na ndani ya kila posta kuna mabosi kibao. Lakini kati yao hakuna mfalme wa posta. Ni makubaliano. Peter Kropotkin, Mrusi mwingine, alipenda sana kutoa mifano ya aina hii, reli za Ulaya na vyama vya waokoaji baharini. Na kanuni zinazoiwezesha intaneti kusafirisha barua pepe yako zinajadiliwa kwenye kikundi kinachoitwa IETF, kilichoanza mwaka 1986, ambacho hakina uanachama rasmi wala hakipigi kura kwa kawaida. Wakitaka kujua kama wengi wanakubaliana, wahandisi huambiwa wagune! Kweli, wanaguna ukumbini, na mwenye kusimamia mkutano anasikiliza mguno wa upande upi una nguvu. Nikisikia watu wanasema mambo makubwa hayawezekani bila amri ya mkubwa, huwa nawafikiria wale wazee wa kompyuta wanaguna.

Turudi Barcelona, maana sitaki kuuza mbuzi kwenye gunia. Palikuwa na matatizo. Kiwanda chenye mashine nzuri na malighafi kilipata, kiwanda cha jirani chenye mashine mbovu kikalia njaa, na wafanyakazi wa kile cha kwanza hawakuwa wepesi wa kugawana. Leval mwenyewe aliliona hilo na hakulificha. Jingine, viongozi wa CNT, watu waliohubiri maisha yao yote kwamba serikali ni sumu, waliingia serikalini Novemba 1936, mawaziri wanne kwa mpigo. Walisema vita vinawalazimu. Mei 1937 polisi wa serikali ileile wakavamia jengo la simu lililokuwa mikononi mwa wafanyakazi, na mapigano ya mitaani yakaua mamia ya watu. George Orwell alikuwepo mjini na aliyaandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1938. Agosti 1937 serikali ya jamhuri ikavunja Baraza la Aragon, na majeshi yakatumwa kuvunja ushirika wa vijiji.

Wengi wakifika hapo wanafunga kitabu: mnaona, haikudumu. Lakini tuwe makini na tunachothibitisha. Jirani akikuchomea nyumba, hakuna anayesema fundi wako hakujua kujenga. Tramu zilitembea. Zilizuiwa kuwa za wafanyakazi na watu wenye bunduki, hazikuzuiwa na ukubwa wa mji.

Na hadithi hii ya kuchomewa nyumba tunayo hapa kwetu, ila haisimuliwi sana. Songea, mwishoni mwa mwaka 1960, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, mmoja wa viongozi wao akiwa Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuanzisha kijiji porini Litowa. Wakalima pamoja, wakala pamoja, wakagawana mapato. Vijiji vingine vikaiga, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kwa kifupi RDA. Kufikia mwaka 1969 vilikuwa takriban vijiji 17. Hawakujiita waanakisti hata siku moja. Walikuwa wana-TANU kindakindaki, picha ya Mwalimu ukutani. Lakini angalia walivyofanya mambo yao. Mkutano wa wanakijiji ndio uliopanga kazi na mgawo. Vijiji vilikutana kupitia wajumbe. Walikuwa na shule yao Litowa ambako watoto walijifunza na kulima kwa namna ambayo baadaye ilifanana sana na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Wakapata mashine ya kusaga, wakapata kiwanda cha mbao. Hakuna bwana shamba aliyekuja na fimbo.

Nyerere aliwapenda. Alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967, Ruvuma ilikuwa tayari inaonyesha kwamba jambo linawezekana kwa hiari. Shida ilikuwa kwa waliokuwa katikati, maofisa wa mkoa na wakubwa wa chama. Hebu jiweke kwenye viatu vya mkuu anayefika kijijini na kukuta watu wameshakubaliana, wana pesa yao, wana gari lao, na wanamkaribisha chai kwa heshima zote lakini hawahitaji amri yake. Yeye atakuwa nani? Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja RDA. Mali zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa. Chama kilichokuwa kinahubiri watu wajitegemee kiliwakuta wanajitegemea, kikakasirika.

Kilichofuata tunakijua. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Zaidi ya watu milioni 5 walihamishwa, wengine nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Vijiji vikapangwa kwa mstari mnyoofu kando ya barabara ili ofisa aone vizuri kutoka kwenye Landrover, hata kama maji na shamba vilikuwa mbali. Kwa hiyo tukitaka kulinganisha, tulinganishe kwa haki. Ule wa hiari haukupewa nafasi ya kukua hata ukafeli wenyewe. Ule wa ngazi na amri ulipewa nchi nzima, ukafeli mbele ya macho ya wote.

Hapa ndipo mimi ninapopinga hoja ya ukubwa hasa. Inadaiwa jamii ikiwa kubwa inahitaji mtu juu anayeona yote. Lakini kadiri ngazi inavyokuwa ndefu ndivyo aliye juu anavyozidi kuwa kipofu, kwa sababu kila mtu kwenye ngazi anamwambia wa juu yake kile anachotaka kusikia. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi yenye wakurugenzi wanne anajua ripoti inavyonenepa na kupendeza ikipanda. Karakana ya mabasi yaendayo kasi ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa mwa Mto Msimbazi, na mafuriko yameifuata mara kadhaa. Muuza mitumba yeyote wa Jangwani angewaambia bure kwamba pale maji hupita. Desemba 2011 bonde hilohilo lilifurika vibaya hadi watu wakahamishiwa Mabwepande. Habari ilikuwepo. Haikupanda ngazi.

Kuna wanaosema Mwafrika bila chifu hajui aende wapi. Hawa wanapaswa kusoma historia kidogo. Wagikuyu walikuwa na mabaraza ya wazee na marika, na madaraka yalihama kutoka kizazi kimoja kwenda kingine. Machifu wa serikali waliletwa na Waingereza, wakaanza na sheria ya vinara wa vijiji ya mwaka 1902. Waigbo wa Nigeria, watu wa mamilioni, sehemu kubwa yao waliishi bila mfalme, na wana msemo kwamba Waigbo hawana mfalme. Mwingereza alipofika hakuamini, akawatengenezea machifu wa karatasi, watu waliopewa hati ya kutawala. Mwaka 1929 zilipovuma habari kwamba wanawake nao watatozwa kodi, wanawake wenyewe waliinuka kwa makumi ya maelfu, wakiwasiliana soko kwa soko bila makao makuu, wakawazingira machifu hao na kudai kofia zao. Zaidi ya wanawake 50 waliuawa kwa risasi. Lakini mfumo wa machifu wa hati haukupona, ilibidi uondolewe. Harakati ile ilienea eneo kubwa sana, na Waingereza walihangaika kumtafuta kiongozi mkuu wa kumkamata.

Ila tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa pepo. Kwenye mabaraza mengi ya wazee kijana hakusikika na mwanamke ndio kabisa. Hata vikundi vya leo vinavyojigamba havina viongozi mara nyingi vinao, ila wamejificha. Yule mwenye sauti kubwa, mwenye laptop, mwenye marafiki wengi. Mmarekani Jo Freeman aliliandika hili vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1970 akizungumzia vikundi vya wanawake: usipoweka utaratibu wazi, wachache watatawala kimyakimya na huna hata pa kuwashitaki. Nakubaliana naye kabisa, na nadhani waanakisti wenzangu wanaochukia kuandika kanuni wanajiumiza. Bila bosi unahitaji kanuni nyingi zaidi. Mjumbe anakaa muda gani? Anarudishwaje? Nani anashika hela, na daftari linaonwa na nani? Waborana wa Ethiopia na Kenya wanabadilisha uongozi kwa mfumo wa gadaa kila miaka 8, na mkutano wao mkuu unaweza kumwondoa kiongozi aliyeharibu. Nao pia waliwaacha wanawake nje ya vyeo hivyo, lakini jambo la muda wa cheo na kumrudisha mtu nyumbani walishalifikiria karne nyingi.

Imebaki hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni vita. Jirani mwenye jeshi na amiri mmoja atakumeza wakati wewe bado unaitisha mkutano. Ruvuma haikuwa na la kufanya Kamati Kuu ilipoamua. Hispania je? Wengi husema waanakisti walishindwa kwa sababu wanamgambo wao hawakuwa na vyeo. Lakini kuanzia mwisho wa mwaka 1936 serikali ya jamhuri iliwaingiza wanamgambo hao kwenye jeshi la kawaida, lenye saluti na maofisa. Jeshi hilo lenye ngazi zote ndilo lililoshindwa, Aprili 1939. Franco alisaidiwa na ndege za Hitler na askari wa Mussolini, na hiyo ilimfaa kuliko saluti. Kwa hiyo hoja ya vita ina nguvu, lakini inapiga pande zote mbili.

Mimi sina haja ya kungojea mapinduzi ya dunia. Kichekesho cha nchi yetu ni kwamba kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, ndio chombo cha juu kabisa cha kijiji. Kwenye karatasi bibi yangu wa kijijini ana mkutano wenye meno kuliko mimi niliyekuja mjini na shahada. Mtaa haukupewa mamlaka kama hayo. Mwenyekiti wa mtaa tunamchagua, kisha kazi yake kubwa inabaki kugonga mihuri kwenye barua za utambulisho.

Ningeanzia hapo. Mkutano wa mtaa upewe uwezo wa kuamua juu ya taka, mitaro na taa, na fungu lake la pesa. Wajumbe wa miezi sita, wanaorudishwa kabla ya muda wakizembea, daftari limebandikwa ukutani pa duka. Halafu Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Kisarawe na Pugu hadi baharini na haujui kata wala wilaya, basi kila mtaa unaopakana nao utoe wajumbe wawili, mwanamke na mwanamume, wakutane kila mwezi. Wahandisi waje na ramani zao, wakae nao meza moja. Siku mtu akitaka kujenga karakana bondeni, awaeleze wao kwanza maji yatapita wapi.